Mwamba wa Lusaka na Mjomba Wangu wa Jangwani

Tarehe 1 Julai 2024 mjomba alinipigia simu. Mjomba si mtu wa kupiga simu. Yeye ni mtu wa ujumbe mfupi, tena wa neno moja: “Upo?” au “Mmelala?”, na huo wa pili ni wa siku ambazo Simba imefungwa. Nilipoona jina lake kwenye simu nikajua ama kuna msiba ama kuna usajili.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mjomba. Umeona?”

(Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, kwa hiyo msomaji usipotee: anayecheka ni yeye.)

Nilikuwa nimeona. Msimbazi nzima, yaani sisi watu wa Simba, ilikuwa imeona. Yanga, watani wetu wa Jangwani na timu ya mjomba, walikuwa wamemtangaza Clatous Chama, Mwamba wa Lusaka, kiungo wetu wa tangu 2018, akiwa ndani ya jezi ya kijani na njano kama vile hakuna kilichowahi kutokea duniani.

“Sasa sikiliza nikwambie kitu,” mjomba akaendelea, kwa sauti ya mtu anayefungua zawadi taratibu ili afaidi. “Yule anapiga pasi ambayo beki anaiona ikishapita.”

Nilikaa kimya. Uchungu wa Chama mwenyewe ulikuja baadaye, polepole, kama jino. Kilichonifunga mdomo wakati ule ni ile sentensi, kwa sababu sentensi ile ni yangu. Niliitunga mimi, mwaka 2019, sebuleni kwake, nikimjibu aliposema Chama ni mzee anayetembea uwanjani na hakabi mtu. Miaka mitano nimeirudia mbele yake na miaka mitano ameikataa. Leo kaichukua nzima, hakubadilisha hata silabi, na ananisomea mimi kana kwamba kaiokota njiani.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza mchezaji akihama huondoka na nini hasa. Viatu vyake, sawa. Namba yake, sawa. Lakini maneno tuliyomsifia nayo ni mali ya nani?

Turudi nyuma kidogo. Chama alikuja Simba mwaka 2018, msimu ambao kocha alikuwa Mbelgiji Patrick Aussems, yule tuliyempachika jina la Uchebe kwa ndevu zake. Hatukumpokea kama mfalme. Tulikuwa na Emmanuel Okwi, tulikuwa na Meddie Kagere, tulikuwa na John Bocco. Macho ya watu yalikuwa mbele, kwa wafungaji. Huyu Mzambia alionekana mtu wa katikati anayependa kukaa na mpira kuliko inavyotakiwa. Jirani yangu wa jukwaani alimwita “babu” kabla ya mechi ya tatu.

Kisha ikaja Nkana. Kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika tulikwenda Kitwe tukafungwa 2–1. Marudiano yalikuwa tarehe 23 Desemba 2018, Uwanja wa Taifa, kabla haujapewa jina la Benjamin Mkapa. Nkana wakatangulia kufunga. Jonas Mkude akasawazisha, Kagere akaongeza la pili, na mambo yakawa sawa kwa sawa, matuta yananukia. Dakika ya 89 Chama akafunga. Mzambia akawatoa Wazambia, na alifunga kwa kisigino. Nakumbuka nilicheka kabla sijashangilia. Mtu wa kawaida, dakika ya 89, na taifa zima la watu linakutazama, anapiga kwa nguvu zote na kumwachia Mungu. Huyu aliona kisigino kinatosha.

Hapo ndipo neno “babu” lilipoanza kubadilika maana.

Lakini siku yenyewe, ile ambayo shabiki wa Simba wa kizazi changu akiulizwa ulikuwa wapi anajibu bila kufikiri, ni tarehe 16 Machi 2019. Ili uielewe lazima ujue jinsi kundi lilivyokuwa. Tulikuwa hatujafika hatua ya makundi tangu 2003, ule mwaka wa kuwatoa Zamalek. Tulipofika safari hii tukapigwa 5–0 Kinshasa na AS Vita, tukaenda Misri tukapigwa 5–0 nyingine na Al Ahly. Watani walitutengenezea majina ambayo siyaandiki hapa kwa sababu mama yangu husoma blogu hii. Ila nyumbani tulikuwa wagumu: tuliwapiga JS Saoura 3–0, tukawafunga Al Ahly 1–0 kwa bao la Kagere. Kabla ya mechi ya mwisho Saoura walikuwa na pointi 8, Al Ahly na Vita 7 kila mmoja, sisi 6. Mkiani kabisa, lakini ushindi unatupeleka robo fainali. Sare inatutoa.

Vita wakatangulia. Mohamed Hussein “Tshabalala” akasawazisha kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili chote kilikuwa kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa ndani. Nilikuwa viti vya mzunguko, nimebanwa katikati ya watu ambao tulishaacha kuzungumza. Dakika zinakwenda, saa ya uwanjani nimeikataa kuitazama.

Na hapa nina jambo la kukiri ambalo mjomba halijui mpaka leo, na akisoma hapa ndiyo atajua. Bao la Chama la dakika ya 90 sikuliona.

Kandambili yangu ilikuwa imechomoka wakati wa kusukumana kwenye shambulio lililopita. Niliinama kuitafuta. Nikiwa bado nimeinama, nimeshika kandambili ambayo hata haikuwa yangu, uwanja ukapasuka. Nilichokiona ni miguu. Miguu mingi inayoruka. Mtu akanidondokea mgongoni, mwingine akanivuta juu kwa kola, akanibusu shavuni mzee nisiyemjua, na mimi napiga kelele “nani? nani?” huku nikishangilia, kwa sababu kushangilia hakuhitaji jina. Jibu likanifikia kwa kupokezana kutoka safu ya mbele: Chama. Chama. Chama.

Nimelitazama bao lile kwenye simu mara nyingi mno, kiasi kwamba nikilisimulia naapa nililiona. Naeleza alivyopokea, alivyokuwa ametulia, kipa alivyochelewa. Ukweli ni kwamba kumbukumbu yangu halisi ni kandambili ya mtu mwingine na kelele. Nadhani ndiyo maana nimeshikamana nalo kuliko mabao niliyoyaona kwa macho. Hayo mengine yalikwisha palepale. Hili nilikuja kulikamilisha mwenyewe, kidogokidogo, kwa miaka.

Sasa turudi kwa mjomba na hoja yake ya kwamba hakabi. Hoja ile ilikuwa ya kweli, na huo ndio ubaya wake. Chama hakuwa mtu wa kukimbizana. Mpira ukipotea angeweza kusimama mikono kiunoni akiutazama unavyokwenda, kama mtu aliyekosa basi na anajua litakuja jingine. Kwenye zile mechi za tano-tano kulikuwa na mashimo katikati ya uwanja, na sitadanganya kwamba yeye hakuhusika. Mei 2021, robo fainali, Kaizer Chiefs walitupiga 4–0 Johannesburg, na usiku ule mjomba alinitumia “Mmelala?” tatu mfululizo. Marudiano tukawafunga 3–0, Bocco mawili na la tatu Chama, dakika ya 86. Bao moja tu likakosekana. Ndivyo alivyokuwa kwetu: alikuwepo kwenye aibu, na alikuwepo kwenye kuifuta.

Ila anayemtazama Chama miguuni hamwoni. Mtazame shingo. Kabla mpira haujamfikia ameshageuka kulia na kushoto, amehesabu watu wake. Mpira ukifika anautuliza kwa mguu ulio mbali na beki, mwili ameuweka upande, na pale anasimama. Anasimama kabisa! Hicho kituo kifupi ndicho kilichotufanya tumpende. Beki naye analazimika kusimama, maana akiingia anapigwa tobo, mpira unampita katikati ya miguu, akirudi nyuma anaachia nafasi. Wakati beki anaamua, winga wetu ameshakimbia, na pasi imeshatoka, kwa nje ya mguu, laini, kama mtu anayempitishia mwenzake chumvi mezani. Ligi yetu ina viwanja ambavyo mpira hudunda kama umekasirika. Wengi hujilinda kwa kuuondoa haraka. Yeye aliukalisha chini, akauambia usubiri.

Wachezaji wenye kasi huwa tunawashangaa. Fundi tunaishi naye. Kasi inakuonyesha kitu ambacho wewe huwezi. Pasi ya Chama ilikuonyesha kitu ambacho wewe, ukiwa juu jukwaani na unauona uwanja wote, ulikuwa karibu kukiona. Ulikuwa umeshafungua mdomo kusema “pale!” na mpira tayari uko pale. Ndiyo maana mtu wa mzunguko alijiona ana undugu naye. Alitufanya tuonekane tunajua mpira.

Agosti 2021 akaondoka mara ya kwanza, kwenda RS Berkane ya Morocco. Dirisha lilelile Luis Miquissone akaenda Al Ahly. Nilishangaa kidogo kuona ni nani aliyemchukua: kocha wa Berkane alikuwa Florent Ibenge, aliyekuwa kwenye benchi la AS Vita siku ile ya kandambili, na tena Aprili 2021 tulipowafunga 4–1 na Chama akatupia mawili. Kumbe mtu akikuumiza vya kutosha unamsajili.

Kuondoka kule hakukuniuma. Nilijivunia. Mtoto wetu kaenda kutafuta, Waarabu wamekubali kipaji chake, na sisi tulishasema tangu mwanzo. Kilichouma ni kilichobaki. Tarehe 24 Oktoba 2021, tukiwa tumeshashinda 2–0 Botswana, Jwaneng Galaxy walikuja kwa Mkapa wakatufunga 3–1 na kututupa nje ya Ligi ya Mabingwa. Kwa Mkapa, tuliposema hatoki mtu! Kila aliyekuwa karibu yangu alitamka jina lilelile, kwa sauti ya chini, kama watu wanaomtaja marehemu. Sitaki kusema angekuwepo tungepita. Mpira hauendi hivyo. Lakini wakati tunahitaji mtu mmoja wa kuukalia mpira na kuzima moto, kila mtu akawa anakimbia. Nilimkumbuka kwa ule uvivu wake.

Januari 2022 akarudi. Mashindano ya Afrika hakuruhusiwa kutuchezea msimu ule kwa sababu alishatumika Berkane, na tulipokutana na Berkane hao hao kwenye kundi la Kombe la Shirikisho yeye akabaki mtazamaji. Mwaka uliofuata akatulipa: tarehe 18 Machi 2023 tuliwafunga Horoya ya Guinea 7–0, Chama akipiga matatu peke yake. Siku ile nilimwandikia mjomba mimi: “Mmelala?” Alijibu kesho yake mchana: “Horoya si timu.”

Mnaona uhusiano wetu ulivyo.

Kuna kisa kimoja lakini ambacho hakihusu Simba wala Yanga, na kwangu ndicho kinachoeleza hili jambo kuliko vyote. Januari 2024, Kombe la Mataifa ya Afrika, Ivory Coast. Taifa Stars tulikuwa hatujawahi kushinda mechi hata moja ya AFCON. Tarehe 21 tunacheza na Zambia pale San Pédro. Tulikuwa kwa mjomba, ukoo mzima, jezi za Simba na Yanga zimewekwa pembeni, wote tumevaa za Taifa. Dakika ya 11 Simon Msuva anafunga. Zambia wanapata kadi nyekundu, wanabaki 10. Mjomba ananishika bega, na mjomba hanishiki bega. Tunahesabu dakika pamoja. Ya 85. Ya 86. Ya 87.

Ya 88, kona ya Zambia. Anayekwenda kuipiga ni Chama.

Nilijua. Naapa nilijua, kwa sababu nimemtazama akiweka mpira kwenye kona ya uwanja wetu wa Temeke mara ngapi sijui, na najua mkono wake ukishuka nini kinafuata. Mpira ukaelea, Patson Daka akauruka, kichwa, 1–1. Sebule ikafa. Watoto walikuwa wa kwanza kulia. Mjomba akanigeukia taratibu, akasema maneno mawili tu:

“Mtu wako.”

Na kitu cha aibu ninachotaka kukisema, kwa kuwa blogu ni yangu na kodi yake nalipa mwenyewe: ndani kabisa, chini ya machungu yote, palikuwa na kiungo kimoja kidogo cha moyo kilichosema “lakini kona ile ilikuwa nzuri.” Nilikwenda jikoni kunywa maji ili mtu asiuone uso wangu.

Miezi mitano baadaye ndiyo ile simu ya Julai.

Wapo walioniambia nimfute. Rafiki yangu mmoja, tuliyekuwa naye mzunguko miaka yote, alibadilisha picha kwenye simu yake siku hiyohiyo, akaniambia mtu aliyekwenda Jangwani kwa miguu yake mwenyewe hana tena historia Msimbazi. Namwelewa. Lakini huyohuyo rafiki yangu nikimtajia Okwi, macho yanalegea. Na Okwi je? Tarehe 6 Mei 2012 Okwi alitupia mawili tulipowachapa Yanga 5–0. Desemba 2013 akasajiliwa Yanga. Yanga hawahawa! Tukamwita kila jina. 2014 akarudi, na Machi 2015 akawafunga Yanga bao la mbali lililompita kipa juu, 1–0, na uwanja ule ule uliomlaani ukamwimbia. 2017 akarudi tena, akaanza ligi kwa kuwatupia Ruvu Shooting mabao 4 katika ushindi wa 7–0, akamaliza msimu na mabao 20 na ubingwa tulioukosa tangu 2012. Sasa niambie, ile miezi ya kijani iko wapi? Nani anaikumbuka? Imebaki kama kovu dogo la utotoni: lipo, ila haliumi, na mara nyingine unalionyesha watu kwa kucheka.

Njia ile ya kati ya Msimbazi na Jangwani imekanyagwa na wengi, kwenda na kurudi: Ibrahim Ajibu, Haruna Niyonzima, Bernard Morrison. Kwa Niyonzima niliwaonea wivu Yanga. Alikuja kwetu 2017, akarudi kwao 2020, na 2021 wakamuaga kwa heshima, hadharani, kama vile ile safari ya kwetu ilikuwa likizo. Nilitazama nikawaza kwamba kuaga ni kazi, na klabu zetu haziifanyi mara nyingi. Mchezaji mara nyingi huondoka kwa tangazo. Jioni yupo, asubuhi kuna picha yenye maneno ya asante, na shabiki anabaki na nyimbo ambazo hajui azipeleke wapi.

Kwa hiyo sikumfuta. Nilijaribu kumchukia wiki mbili hivi, nikashindwa kwa sababu za kiutendaji. Kumchukia ilibidi niifute Nkana, niifute Vita, na nikiifuta Vita namfuta na yule mzee aliyenibusu shavuni. Usajili huhamisha mchezaji, mabao hayahami. Yanga walimpata Chama wa umri wa miaka 33, na Mungu awabariki. Yule wa dakika ya 90 hana mkataba na mtu.

Hilo nililisema kwa mdomo. Mwili ulikuwa na mambo yake. Kabla ya Ngao ya Jamii, Agosti 8, 2024, niliomba dua ya ajabu kuliko zote nilizowahi kuomba kabla ya mechi ya watani: kwamba Chama asishike mpira. Sikuogopa atatufunga. Niliogopa nitaguna kwa raha akitoa moja ya pasi zake, na niliokaa nao si watu wa kusamehe. Tulifungwa 1–0, bao la Maxi Nzengeli, na nikawa na huzuni ya kawaida, safi, isiyo na mchanganyiko. Karibu nishukuru.

Siku tisa baadaye Yanga wakawachapa Vital'O ya Burundi 4–0 kwenye Ligi ya Mabingwa, na Chama akafunga. Nilikuwa kwa mjomba. Alisimama katikati ya sebule, mikono juu, akiwatangazia wanawe, mkewe, jirani aliyekuja kuazima ngazi: “Mnaona anavyosimama? Anasimama kabisa! Beki afanyeje?” Yote yangu. Hoja ya shingo, hoja ya kituo, hoja ya mguu wa mbali. Mjomba alikuwa ananukuu hotuba zangu za miaka mitano bila kutaja chanzo, na alizisema vizuri, pengine vizuri kuliko mimi, maana ana sauti. Nikagundua kwamba muda wote ule aliokuwa akinibishia alikuwa anasikiliza.

Kumbe alishamkubali tangu zamani. Alikuwa anasubiri ruhusa.

Raha yake haikudumu sana. Msimu ulivyosonga Chama akawa anaonekana kwa vipande. Yanga ilikuwa na Pacôme, Aziz Ki, Maxi; nafasi ni moja na mafundi ni wanne. Yanga wakachukua ubingwa, na nilitegemea mjomba atanipigia tena simu. Haikuja simu. Ulikuja ujumbe, siku moja tu baada ya mechi ambayo Chama aliingia kipindi cha pili:

“Mtu wako hakabi.”

Niliusoma ule ujumbe mara kadhaa. Akifunga ni “wetu”. Akichoka ni “wako”. Mwanzoni nilitaka kumjibu kwa ukali. Nilishaandika nusu ya sentensi. Nikaifuta, nikaandika: “Ndiyo, wangu.” Na nikalala vizuri ambavyo sikuwa nimelala tangu Julai ile. Alikuwa amerudishwa bila ada ya uhamisho, bila kutangazwa, kupitia simu ya mjomba.

Mwaka 2025 akaondoka Yanga, akaenda Singida Black Stars. Hapo ndipo mambo yalipokaa sawa kwa wote wawili, maana Singida si yangu wala si yake. Siku moja nilikwenda kumsalimia mjomba, ameketi kwenye kiti chake cha siku zote, luninga inaonyesha mechi ya Singida. Nilimuuliza kwa nini anaitazama, akasema rimoti imeharibika. Rimoti ilikuwa mapajani mwake, nzima.

Nikakaa. Hatukusema kitu kwa muda. Chama alikuwa kule katikati, mikono kiunoni, anatembea. Vijana wanamzunguka kwa mbio, mpira unakwenda kulia, unarudi kushoto, unapigwa juu, unapotea. Mjomba akaanza kujitikisa kwenye kiti. Mara ya kwanza mpira ulimpita Chama mita mbili, akiwa peke yake, hakuna aliyemwona. Mjomba akasonya. Mara ya pili ikawa hivyohivyo. Mara ya tatu winga akaubutua mbele wakati mzee wa watu amesimama wazi kabisa, ameinua mkono kidogo, usawa wa kiuno tu, kama anayeita mhudumu bila haraka.

Mjomba akasogea mpaka ukingoni mwa kiti, akainyooshea luninga ile rimoti iliyoharibika, akapaza sauti:

“Mpeni mpira huyo, nyie watoto! Hamjui mnacheza na nani?”

Kisha akakumbuka nipo, akaegemea nyuma, akaniuliza kama nimeshakula.